Ambrose Vondracek, Aliyepanga Chipukizi Kumi Kila Januari

Mheshimiwa Padri, ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Pelham Grove na ninyi mliotoka mbali kwa barabara hizi zenye theluji, mimi naitwa Rosalie, ni mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi kuyasoma maisha yake kwa sababu binti zake walijaribu jana mezani wakashindwa kupita mwaka wa kuzaliwa, ndipo wakaona kazi hii apewe shangazi, ambaye akilia hulia kwake, mlango umefungwa.

Kaka yetu Ambrose Joseph Vondracek alikuja duniani Jumamosi tarehe 11 Machi 1944, katika shamba la wazazi wetu kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Frank na mama Agnes, akabatizwa katika kanisa hili hili tulimoketi, na mama alikuwa akisema kwamba alichelewa kuongea kwa kuwa alikuwa bado anawachunguza watu.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1950 hadi 1958, akaendelea na sekondari ya hapa mjini na kuhitimu Mei 1962, ambako alikuwa mdakaji wa akiba wa timu ya besiboli, na hilo neno la akiba naomba mlisikie vizuri, kwa maana misimu mitatu kaka alikaa benchi akiwatazama wenzake wanacheza, na nadhani huko ndiko alikoanza kujiuliza ni kitu gani anacho yule aliyeingia uwanjani ambacho yeye hana. Mwaka 1964 aliitwa jeshini, akatunza bohari la mablanketi huko Ujerumani kwa miaka miwili, akarudi na unene kidogo na maneno machache ya Kijerumani ambayo mama alimkataza kuyasema mezani.

Mwezi Agosti 1967 aliajiriwa na ushirika wa wakulima kuwa mpimaji wa mahindi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Juni 2006, na wakulima mliopo hapa mnaikumbuka, lori likisimama alichoma bomba lake refu ndani ya shehena, akatoa punje, akazinusa, akapima unyevu, akatenga zilizovunjika, kisha akatamka daraja, na mwenye mzigo akaondoka anacheka au anatukana. Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa takatifu na Loretta Hruska, ambaye tunaye hapa mbele, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Marlene mwaka 1971 na Joan mwaka 1974.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya ajulikane hata na watu ambao hawakuwahi kumwona. Mji wetu una timu ya besiboli ya Wasaga Nafaka, ambayo ni ya ligi ndogo, vijana huletwa hapa na klabu kubwa wakomae, wachache wakaitwa juu ligi kuu na wengi wakarudishwa kwao, na Januari 1981 mhariri wa gazeti letu la kila wiki, akiwa hana habari maana kulikuwa na baridi kali na hata wezi hawatoki, alimwomba kaka aandike ni chipukizi gani kumi wa klabu ile wana matumaini makubwa, kuanzia wa kwanza hadi wa kumi. Kaka aliandika mwaka ule, na hakuacha tena hadi Januari hii tuliyoimaliza, alipoandika akiwa amelala kitandani.

Msidhani alikuwa akipatia. Katika kumi wake, wawili wakifika ligi kuu aliona mwaka umekuwa mzuri, na kila orodha ilipotoka, watu waliijadili kwenye duka la kinyozi Delmar Zika kuliko walivyojadili uchaguzi, na Delmar, ambaye namwona pale nyuma anajificha, alikuwa akimwambia huku anamnyoa, "Ambrose, wa kwanza wako wa mwaka juzi anauza matairi," naye kaka akamjibu, "Basi ni chipukizi mzuri wa matairi, nyoa." Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua na jambo lisilompa faida, nikamwambia mahindi ukiyapa daraja la pili hayakasiriki wala hayabadiliki njiani, lakini hawa ni watoto wa watu, akaniambia, "Ndiyo maana, Rosalie. Mahindi nayajua. Nataka kujua kwa mtu inaonekana lini, au kama huwa inaonekana kabisa."

Mabinti walipoolewa, yeye na Loretta waliamua mwaka 1996 kuifanya nyumba yao iwe miongoni mwa nyumba zinazopokea wachezaji wakati wa msimu, kila kiangazi kijana mmoja au wawili, na Loretta akawalisha nyama ya nguruwe na kabichi na kolache zake, yale maandazi ya jamu ya plamu, huku kaka akiwauliza maswali ambayo kocha hawaulizi, kama wakifungwa wanapata usingizi, na nani aliwafundisha kufunga kamba za viatu, na mvua ikikatisha mchezo wanafurahi au wanaudhika. Delmar akaanza kusema mwamba ngoma huvutia kwake, kwamba sasa tutaona wapangaji wa Loretta wamejaa juu ya orodha, na maneno hayo yalimchoma kaka, ikawa mpangaji wake akistahili kuwa wa nne anamweka wa nne na kumwambia usoni kwa nini.

Mwaka 2003 alikuwapo mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Minnesota, Curtis Lindqvist, mpangaji wao, ambaye kaka alimweka wa kwanza kwa haki kabisa, na Julai ile klabu ikahitaji mrushaji mkongwe wa kumalizia msimu, ikamtoa Curtis kwa kubadilishana na klabu nyingine, kijana akaja kuchukua mabegi yake chakula cha mchana kikiwa mezani. Mnaojua mchezo huu mnajua kwamba anayetolewa huwa ni yule anayesifiwa, maana hakuna anayekubali kupokea asiye na sifa, na kaka akajitia kichwani kwamba yeye ndiye aliyemsifia Curtis hadi akachukuliwa. Nilimwambia, "Kwani mabosi wa klabu wanasoma gazeti letu, kaka? Lenye bei ya nguruwe ukurasa wa mbele?" akasema, "Wewe cheka tu, akisoma mmoja inatosha," na Mvondracek akishaamua jambo hata ng'ombe hawamvuti.

Aprili 2005 aliletwa nyumbani kwao Eliezer Montás, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Baní, katika Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa akicheza ulinzi wa katikati na kudaka mipira ambayo wengine wanaisindikiza kwa macho. Huyu niseme wazi walimpenda, akawapikia maharage na ndizi za kukaanga kwenye jiko la Loretta, ambalo hata mimi siruhusiwi kugusa, akamfundisha kaka kucheza domino na kumwibia hapo hapo, akamwita Mzee, naye kaka akamwita mwanangu bila kujua kwamba ameshaanza kumwita hivyo. Alikaa nao msimu ule na msimu uliofuata, na mji mzima ulingoja Januari 2007 umwone wa pili au wa tatu.

Orodha ikatoka, na Eliezer hakuwamo kati ya wale kumi. Kabla haijatoka kaka alitueleza jikoni, mimi na Loretta, kwamba moyoni anamhesabu wa pili, ila akimsifu watambadilisha kama Curtis, bora amfiche mwaka mmoja, na Loretta akamwambia, "Basi mpigie umwambie unachofanya," akajibu, "Nitamwambia akija Aprili, ana kwa ana." Lakini mchezaji mwenzake alishamtumia Eliezer ukurasa ule huko kwao Baní, alikokuwa hadi msimu uanze, akasomewa mbele ya mama yake, na Aprili ilipofika kaka akaenda uwanjani kumpokea, gari limeshapashwa joto, kijana akamsalimia kwa adabu, akauliza hali ya Mama Loretta, kisha akasema klabu imempatia nyumba nyingine karibu na uwanja. "Sawa, mwanangu," kaka akasema, akarudi na gari tupu.

Mtauliza kwa nini hakusema pale pale, na mimi nilimuuliza hivyo kwa ukali hadi tukanuniana kiangazi kizima. Alikuwa amesifiwa kwa kusema kweli kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, kukiri kwamba amedanganya mara moja kulimwia vigumu kuliko kumpoteza mtu aliyempenda, na kumbe hakuna aliyehitaji kufichwa, klabu haikuijali orodha ile wala haijawahi kuijua, mtu pekee aliyeiamini alikuwa Eliezer. Kijana alipiga vibaya msimu ule, Julai 2007 klabu ikamwacha, akaondoka mjini bila kupita nyumbani, na kaka akabaki na swali moja, kama neno la mtu linaweza kumshusha mwenzake, alimuuliza Padri, alimuuliza daktari wa meno, akamuuliza na Delmar, ambaye alimjibu, "Maneno yako hayajawahi kumpandisha hata paka juu ya mti," tukacheka wote, yeye hakucheka.

Septemba 2023 kaka alianza kulalamika maumivu ya tumbo na kupungua uzito, akapimwa na kukutwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hadi Krismasi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Marlene, bila kumwuliza mtu, akamtafuta Eliezer, akampata Des Moines, fundi wa majokofu ya maduka, mwenye mke na watoto wawili, na Jumapili tarehe 11 Februari mwaka huu akaingia chumbani kwa mgonjwa amebeba sufuria ya maharage, nasi tukiwapo, Loretta na mimi.

Aliketi, akamshika mkono, akasema, "Mzee, nimekuja kukushukuru. Wote walikuwa wananidanganya, kocha anasema nitafika, wakala anasema nitafika, mama yangu ameshachagua rangi ya nyumba nitakayomjengea. Wewe peke yako uliona kwamba mpira wa kupinda, ule unaogeuka njiani, siwezi kuupiga, ukaandika. Niliumia sana, lakini waliponiacha sikushangaa, nikaenda kujifunza kazi." Ndugu zangu, nimeishi na kaka yangu miaka mingi na sijawahi kuogopa jibu lake kama siku ile, kwa sababu shukrani ile ilikuwa imepangwa mezani, angeipokea akafa akiwa mtu wa kweli, na nani kati yetu angemlaumu.

Kaka aliomba maji, akanywa kidogo, akasema, "Mimi sikuliona hilo la mpira wa kupinda. Nilikuhesabu wa pili. Nilikutoa makusudi." Eliezer akauliza, "Makusudi kwa nini?" akajibiwa, "Wasije wakakuchukua. Nilitaka urudi nyumbani Aprili." Kijana akasema, "Kwa hiyo ulikosea, Mzee. Mimi sikuwa wa pili," na kaka akasema, "Nakosea kila mwaka, muulize Delmar," wakacheka pamoja, mmoja kwa shida, halafu kicheko cha Eliezer kikakatika, akaweka paji lake juu ya blanketi, akalia, akasema, "Ungeniambia tu. Hata ungeniweka wa mia, ningerudi."

Kaka aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha yule kijana, ambaye siyo kijana tena, ana mvi hapa pembeni, ukakaa pale hadi maharage yakapoa. Jumapili mbili zilizofuata alikuja tena na domino, nami ni shahidi kwamba aliendelea kuiba, na Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, Loretta akiwa amemshika, Ambrose alituacha, akiwa amekaribia kutimiza miaka themanini, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na kumwambia ukweli alipoutaka, muuguzi Bernadine Kolb aliyekuja nyumbani hata siku ya dhoruba, wenzake wa ushirika waliokuja kumsomea bei ya mahindi kitandani, mhariri wa gazeti, kina mama wa parokia, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, Delmar Zika aliyemnyoa mara ya mwisho na kumtania hata wakati ule, na Eliezer Montás, ambaye jana alilala nyumbani kwa Loretta na leo atashika jeneza upande wa kulia mbele, mahali pa mtoto wa kiume. Ambao sikuwataja mnisamehe, mnajijua, na Mungu anawajua.

Kaka yangu, wewe ulichelewa miaka kumi na saba kusema maneno mepesi kabisa, mimi sitaki kuchelewa hata hadi makaburini, ndiyo maana nayasema hapa watu wakisikia, kwamba tunakuachia uende ukapumzike kwa amani kwa sababu hatukuulizwa, lakini sisi, Ambrose, tulitaka ubaki.