Mheshimiwa Wendell Cutlip na Daraja la Sable Fork

Mchungaji, wifi yetu Rosalee, watoto wetu Garland na Twyla, waheshimiwa wabunge mliotoka mji mkuu mkapewa benchi la mbele, na ninyi majirani wa Sable Fork mliosimama nyuma kwa kukosa nafasi, familia inawashukuru kwa kufika, nayo imemteua Verna, dada wa marehemu, aliyebaki peke yake katika watoto wa mzee Orrin Cutlip, awasomee habari za maisha ya kaka yake. Yalikuwapo maandishi mengine yaliyoletwa jana na ofisi ya chama, yamepigwa chapa vizuri na yana picha za rangi, lakini Verna aliyasoma mara mbili na hakumwona humo mtu anayemfahamu, kwa hiyo haya mtakayosikia ameyaandika mwenyewe.

Marehemu Wendell Orrin Cutlip alizaliwa tarehe 11 Mei 1944 hapa hapa Sable Fork, katika nyumba ya kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa kando ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa Orrin na Hester Cutlip. Alikuwa mtoto mchangamfu na mwenye huruma, hilo lisemwe wazi, ndiye aliyemfundisha Verna kusoma kwa kumwonyesha herufi kwenye magunia ya unga, na baba akikasirika alijitokeza kupigwa yeye ili mdogo wake asiguswe. Pia alianza mapema kuahidi, kwa maana mama alipomtuma kuni alijibu, "Nitalishughulikia, mama," kwa sauti tamu kiasi kwamba mama aliridhika papo hapo, na kuni zikaletwa na Verna.

Alisoma shule ya msingi ya Sable Fork, kisha sekondari ya kaunti, alikohitimu mwaka 1962 akiwa nahodha wa timu ya mpira na msemaji wa darasa, akaenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili, akarudi bila cheti na bila maelezo. Mwaka 1965 aliingia mgodini alikofanya kazi baba yake, akakaa humo kuanzia Septemba hadi Krismasi, mgongo ukamsumbua, akatoka. Wale mliomwona kwenye mabango ya uchaguzi kwa miaka yote iliyofuata, amevaa kofia ya taa na masizi usoni, mjue kwamba kofia ile ilikuwa ya baba, na masizi alipakwa na mpiga picha. Baada ya hapo aliuza bima mpaka alipopata kazi aliyoipenda.

Alifunga ndoa na Rosalee Gandee tarehe 14 Juni 1969 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Garland na Twyla, ambao hawana kosa lolote katika yatakayosomwa. Rosalee, wifi yangu, usinivute mkono, wewe ndiye uliyesema nisome mimi.

Mwezi Novemba 1978 marehemu alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo letu, akakaa humo miaka thelathini na sita bila kushindwa hata mara moja, kwa sababu hakuna msiba katika bonde hili aliokosa kufika akiwa na paja la nguruwe lililookwa, wala hakuna bibi kizee ambaye hakumkumbuka kwa jina. Katika muda huo wote alitunga sheria iliyofanya pai ya tufaha kuwa andazi rasmi la jimbo, na nyingine juu ya ukubwa wa samaki wa kuvuliwa. Kuhusu daraja letu, ambalo mbao zake zilioza na ambalo serikali ilibandika kibao cha kukataza magari mazito, hata gari la wagonjwa likawa linaishia ng'ambo na wagonjwa wanapelekwa kwa mikono, yeye aliwaambia wananchi kila mwaka kwamba analishughulikia.

Wananchi walichoka, wakaenda kwa Bi Lenora Pauley, mwalimu mstaafu aliyekuwa amechaguliwa karibuni kuwa mbunge wa upande wa pili wa mlima, naye akaandika muswada wa kujenga upya madaraja mabovu ya kaunti, la kwetu likiwa la kwanza. Tarehe 25 Februari 2003 muswada ule uliletwa kupigiwa kura, na Verna alikuwepo na marehemu mume wake, Hobart Keefer, wamekaa roshani ya wageni wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Mheshimiwa Spika alikuwa ametoka, na kiti chake alikuwa amekikalia Wendell.

Waheshimiwa mnaijua desturi yenu, lakini wa nyuma huenda hawaijui. Mbunge mpya anapoleta muswada wake wa kwanza hutaniwa, huulizwa maswali ya kipuuzi, kisha wote hubonyeza kitufe chekundu cha kukataa, ubao mzima wa kura ukawa mwekundu, mgeni akakodoa macho, wao wakacheka, halafu wakabadilisha kura kuwa kijani kabla mwenye kiti hajafunga. Siku ile Bi Lenora aliulizwa kama daraja litaruhusu bata kupita bure, akajibu, "Bata watapita bure, mheshimiwa, ila wabunge watalipa, maana ndio wanaotia uchafu mwingi majini," ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakapiga meza, wengine wakasimama kumshangilia. Vitufe vikabonyezwa, ubao ukawa mwekundu isipokuwa taa moja ya mama yule. Hapo Wendell akagonga nyundo, akatangaza kwamba kura zimefungwa na muswada umeanguka.

Kicheko kiliendelea kidogo, kwa sababu walidhani na hilo ni sehemu ya mzaha, kisha kikakatika. Hobart aliinama roshani akaita kwa sauti, "Shemeji, fungua bwana, watu hawajamaliza!" na askari wa bunge akamwambia akae chini. Kanuni zinaruhusu mbunge yeyote wa upande ulioshinda aombe kura irudiwe kesho yake, na siku ile wote walikuwa upande ulioshinda ila Bi Lenora peke yake, kwa hiyo yeye hakuwa na la kufanya. Wengine walimngoja mwenye kiti aanze, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumuumbua mzee, naye alimwambia dada yake pale koridoni, mkono begani, "Mzaha umezidi kidogo tu, Verna. Kesho asubuhi nalishughulikia." Kesho yake alikwenda kwenye mlo wa bata mzinga wa wafadhili wa chama, kaunti nyingine kabisa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa miswada kuvuka kwenda baraza la pili la bunge, kwa hiyo muswada wetu ukafia hapo. Ninyi mliokuwamo na ambao leo mmekaa hapo mbele, mheshimiwa Thornhill na mheshimiwa Dacey, mlikuwa na midomo, mkaitumia kula.

Tarehe 19 Oktoba 2004, asubuhi, Hobart alishikwa na kifua akiwa anapakua viazi. Gari la wagonjwa lilifika upesi, likasimama ng'ambo kwenye kibao, na wanaume sita wa bonde hili wakambeba kwa machela juu ya mbao zile, Clovis Ashby akiwa mbele anajaribu kila ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga. Hobart alifungua macho katikati ya daraja akasema, "Taratibu, jamaa zangu, shemeji bado analishughulikia," Clovis akacheka, na kabla hajamaliza kucheka machela ikawa nzito. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Wendell alikuja kwenye mazishi na paja la nguruwe.

Alistaafu mwaka 2014, mwaka uliofuata daraja jipya likajengwa kwa muswada mwingine wa Bi Lenora, na siku ya ufunguzi marehemu alifika, ingawa hakuwa na cheo tena, akachukua mkasi kutoka mkononi mwa mama yule kwa adabu kubwa, akakata utepe. Magazeti yaliitoa picha hiyo. Ndiyo hiyo iliyoko kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni.

Mwaka 2021 alipata kiharusi akiwa nyumbani kwake mji mkuu, akatibiwa vizuri, akapata nafuu, akaugua tena baada ya Krismasi iliyopita. Verna alikwenda kumuuguza, na siku moja akimlisha uji alimuuliza waziwazi kwa nini aligonga ile nyundo, naye hakujifanya kusahau. Alisema, "Walikuwa wanamshangilia, Verna. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimekaa mule, hawajawahi kusimama kunishangilia hata siku moja. Yule alikuwa na wiki sita." Kisha akafungua mdomo apewe uji. Verna alimpa. Alifariki tarehe 9 Machi 2023, usingizini, katika kitanda safi, madaktari wakiwa hatua chache kutoka mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa uvumilivu, majirani waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, akina mama wa kanisa waliopika maharagwe na mikate ya mahindi ambayo tutaila sote kwenye ukumbi wa zimamoto, na wabunge wenzake waliomwona kila siku kwa miaka thelathini na sita na bado wakaja kumzika. Inamshukuru pia Bi Lenora Pauley, ambaye amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa kuwa hakuna aliyemwachia kiti.

Sasa, imetangazwa kwamba bunge limepitisha azimio, kura zote zikiwa za ndiyo, daraja letu lipewe jina la marehemu, kama mnavyofanya kwa kila mbunge anayekufa, na kwamba kibao kiko tayari nje ndani ya gari, na nikimaliza kusoma msemaji wa familia atasimama akipokee, maana familia isipopokea hakipandishwi. Mheshimiwa Thornhill, keti. Nimeona umeshaanza kufunga vifungo vya koti. Garland na Twyla wameniachia mimi neno hili, na Rosalee ananitazama kwa macho ambayo nitayajibu jioni, lakini jibu la familia ni hapana. Kirudisheni mkakipeleke kwenye ukumbi wenu, mkibandike juu ya kile kiti, huko ndiko alikofanyia kazi. Sisi tunapita pale kila siku na watoto wetu, na sitaki mtoto wa bonde hili aniulize huyu Wendell alitufanyia nini.

Hayo ndiyo maisha ya kaka yangu. Nilimpenda mpaka nilipokuwa na miaka hamsini na minne, na baada ya hapo nilimpikia tu. Wendell, lala, umefika. Hobart yuko huko, nenda kamsalimie usiogope, atakuita shemeji na kukusogezea kiti, yule hakuwahi kuwa mtu wa kinyongo. Kinyongo ni changu, na mimi bado niko hai.