Enoka Mbonile na Sinema Iliyotugombanisha

Tarehe 30 Juni 1957 Bwana Enoka Mbonile anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka ishirini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mkalimani wa gari la sinema. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, Hezron Lusubilo, dereva wake, niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini mtu aliyesafiri na Enoka kwenye kiti kimoja muda wote huo ana mengine pia ya kusema, na mwenyewe analijua hilo.

Enoka alizaliwa Mbozi katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akasoma shule ya misheni, kisha akaajiriwa bomani kuwa tarishi. Anakijua Kinyiha, Kinamwanga, Kindali na Kisafwa, na katika lugha zote hizo husema zaidi ya alichoulizwa. Gari la sinema lilipoletwa Mbeya mwaka 1946, alitafutwa mtu wa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti ili awaeleze watu wanachokiona. Hakuna aliyejaribu kushindana naye.

Filamu zetu zilikuwa za kahawa, za vyoo na za panya. Enoka alimpa panya mke, mashemeji, na tabia ya kuchelewa kanisani. Kule Ibaba mama mmoja alitoka kwenye onyesho la kuangamiza panya akiwaonea huruma, na nasikia hakutega mtego tena mpaka mavuno. Wakubwa waliuliza nani alaumiwe. Nililaumiwa mimi, maana ndiye niliyeendesha mashine.

Sitaandika kuhusu safari alizosimamisha gari ili amsalimie shemeji wa shemeji yake, nami nimekaa na injini inayochemka. Kuna jambo moja tu ninalotaka liandikwe sawasawa, kwa sababu kila mtu analisimulia kivyake. Ni ile filamu ya mwendawazimu.

Ilitufikia mwaka 1954. Aliitengeneza daktari mmoja wa Kizungu aliyetaka kujaribu sinema ya namna mpya. Haikuwa na mpumbavu wala mwerevu, haikuwa na mafundisho mwishoni. Unamwona mtu ameketi chumbani. Kisha humwoni tena, ila unaona anachokiona yeye. Ukuta unasogea. Ndugu zake wanafumbua midomo na sauti haitoki, halafu sauti zinakuja na watu hawapo. Anautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Mwishoni mlango unafunguka na kitambaa kinabaki cheupe kitupu kwa muda mrefu, mpaka mtu anaanza kujiuliza kama mashine imekufa. Na amri ya daktari ilikuwa kwamba mkalimani asiseme hata neno moja.

Fikirini, Enoka aambiwe anyamaze!

Onyesho la kwanza lilikuwa Saza, kwa wachimbaji wa dhahabu. Enoka alitii. Haukupita muda watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mkalimani amelewa!" alipiga kelele mmoja.

"Si mkalimani, mashine ndiyo mbovu," akajibu mwingine, na wote wakanigeukia mimi.

Baadhi waliondoka wakisema serikali imewadhihaki. Waliobaki walidai irudiwe. Wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja walipigana wakibishana ule mkono ulikuwa wa nani. Asubuhi msimamizi wao alituambia tusirudi bila filamu ya kuchekesha.

Tukaenda Tunduma. Njiani Enoka alisema kosa ni ule ukimya, na jioni ile akavunja amri akaeleza. "Huyu ni mgonjwa wa akili, ndugu zangu. Hayo ndiyo anayoyaona." Mambo yakaharibika zaidi. Walipojua ni mwendawazimu, wakacheka. Mfanyabiashara mmoja mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka alisimama akakunja mkeka wake. "Awe! Hapana! Nimetembea tangu mchana nije kuonyeshwa kichaa? Kwetu wako bure." Mzee mmoja wa kanisa akasema filamu inaita mapepo, na watoto wafunikwe macho. Teresia, muuguzi wa zahanati, akamjibu mbele ya watu wote kwamba hiyo ndiyo sinema ya kwanza ya serikali aliyoiona ikisema kweli. Ugomvi uliendelea sokoni kesho yake, watu wanasusiana hadi kununua nyanya. Nikamwuliza Enoka yeye yuko upande gani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniacha nikiongea akaenda kupanga mizigo garini. Hilo nalo lilinikera.

Malalamiko yalifika bomani kabla yetu. Wengine walitaka filamu ichomwe, wengine walitaka ionyeshwe makanisani, na wakubwa walitaka kelele ziishe. Tukaagizwa tuionyeshe Ndalambo, kwa kuwa Mwene, chifu wa pale, alikwisha kuwatangazia watu wake onyesho, kisha tuirudishe.

Ndalambo Enoka alinyamaza tena, safari hii kwa hiari yake. Watu, waliokwisha kusikia kwamba ni filamu ya kichaa, wakacheka kama Tunduma. Ukuta uliposogea, kicheko kikazidi. Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele ya taa ya mashine, kivuli chake kikafunika nusu ya kitambaa.

"Nyamazeni!" alisema. "Hayo ndiyo Yonasi anayoniambia kila siku. Kwamba ukuta unakuja. Kwamba wanamsema na hawapo. Nilifikiri ananidanganya ili nimfungue."

Jina lake lilikuwa Priska. Yonasi, kaka yake wa pili, alikuwa seremala mzuri kabla ya kuugua. Sasa alikaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yao mkubwa, Rubeni, mguu umepitishwa kwenye tundu la gogo ili asitembee. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyekuwa akilitaja.

Rubeni alikuwepo pale, mtu mzima, mbele ya wakwe zake. "Kaa chini, Priska. Unatuaibisha."

"Aibu ni lile gogo, kaka."

Nikazima mashine. Sikuona sababu ya kuendelea kuchoma petroli. Wengine wakapaza sauti kwamba Yonasi afunguliwe, na wengi zaidi wakasema asifunguliwe. Rubeni hakupiga kelele. Alimwendea Enoka akasimama karibu naye kabisa.

"Yonasi alichoma nyumba yangu na watoto wangu wamo ndani," alisema. "Niliwatoa kwa mikono hii. Wewe unakuja na sinema, unawachochea watu, kesho unaondoka. Mimi ninabaki naye."

"Basi sitaondoka," alisema Enoka.

Naomba msomaji anielewe. Ratiba ilikuwa imejaa, watu wa Ibaba wanatungoja, na gari ni mali ya serikali. Nilimvuta kando nikamwambia hayo yote. Akanijibu, "Nenda nalo, Hezron. Mimi sina magurudumu." Nilimwita majina ambayo hayafai kuandikwa kwenye taarifa hii, kisha nikaondoka peke yangu. Ibaba nilieleza filamu ya kahawa kwa Kiswahili changu kikavu, watu wakasinzia.

Niliporudi Ndalambo kumchukua, nilikuwa bado na hasira. Nikamkuta uani kwa Rubeni. Yonasi ameketi juani, amekonda, mguu una kidonda cha gogo lakini hauna gogo. Enoka yuko pembeni yake, na anafanya lile lile alilotukera nalo miaka yote: anaeleza.

"Huyo anayepita ni Priska, amebeba maji. Sauti hiyo ni ya Rubeni, yuko mlangoni, anamwita mkewe, hakusemi wewe. Ukuta uko palepale, Yonasi. Nimeugusa. Uguse na wewe."

Yonasi akaugusa. Akarudisha mkono taratibu. Kisha akauliza, "Na huyo mwenye kofia?"

"Huyo ni dereva wangu. Amekasirika, lakini si kwa ajili yako."

Enoka alikuwa amemwomba Rubeni jambo dogo: Yonasi atoke mchana tu, moto uwe jikoni kwa mke wa Rubeni na si kwingine, na wakati wote pawe na mtu wa kumwambia kilichopo na kisichokuwepo. Priska alikwisha kujifunza kufanya hivyo. Rubeni bado alisimama mlangoni amekunja mikono, hakubali wala hakatai, macho yake hayabanduki kwa mdogo wake.

Nilikwenda kujaza maji kwenye rejeta, ingawa ilikuwa imejaa.

Kwa kuacha gari Enoka alisimamishwa kazi mwezi mzima. Nikapewa mkalimani mwingine, kijana nadhifu, aliyesema panya ni mnyama mharibifu, basi. Kila mahali watu waliniuliza Enoka yuko wapi, kana kwamba nimemla.

Wanaosimulia kwamba sinema ilimponya Yonasi wanakosea, na ninaomba waache. Hakupona. Masika yaliyofuata alizidiwa, gogo likarudishwa, na Priska aliniambia kwamba Rubeni alilia wakati wa kulifunga na akalifungua mwenyewe baada ya siku chache. Kuanzia hapo halikutumika tena. Yonasi alipata vipindi vizuri, akashika randa, akatengeneza milango ya majirani, hata ya wale waliosema asifunguliwe. Kisha vipindi vibaya vilirudi. Mwaka jana alifariki kwa homa ya mapafu, kitandani, ndani ya nyumba ya kaka yake. Rubeni ndiye aliyemwosha.

Filamu yenyewe ilichukuliwa, hatujui iko wapi. Wale wanaosema ilikuwa upuuzi na wale wanaosema ilikuwa kweli bado wapo, wengine wamo humu ofisini. Kamati hii yenyewe ilipoteza mkutano mzima ikibishana kama itajwe siku ya leo. Ruti wa masjala alisema itajwe, wenzake watatu wakasema itatia doa sherehe, chai ikapoa. Nimeitaja. Anayetaka kubishana anitafute kwenye karakana.

Enoka anarudi Mbozi kwa mkewe, Nesta, na kwa mibuni yake. Tunamshukuru kwa lugha zake nne, kwa barabara zote za matope alizosukuma gari bila kuombwa, na kwa kuwa hakuwahi kumdharau mtu aliyekuja kuketi mbele ya kitambaa chetu. Namshukuru na mimi, ingawa ananichosha.

Mwezi uliopita, Enoka akiwa likizo, nilipitisha gari Ndalambo. Rubeni alikuja mapema na kigoda chake, akaketi mstari wa mbele. Nilimwambia kwamba Enoka anastaafu. Alitazama kitambaa ambacho bado hakikuwa na kitu.

"Mwambie sijaipenda ile sinema mpaka leo," alisema. "Lakini mwambie aje. Asilale kwingine akipita huku."

Umesikia, Enoka. Nenda salama, wewe na Nesta. Sisi wenzako tunakuombea afya, mavuno mazuri, na siku nyingi za amani.