Mwenye Bunduki Hula Mwisho: Mzee Manyok Aliaga Jiko Letu

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kila Ijumaa jioni nilipoonekana nikisoma nyuma ya jiko la shule, sikuwa nikisoma. Kitabu kilikuwa wazi magotini, lakini masikio yangu yalikuwa kwa Mzee Manyok Kuot, mpishi wetu, aliyechambua maharage huku akisimulia jinsi familia yao ilivyowinda nyati. Mzee huyo amestaafu Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, baada ya kuipikia shule yetu hapa Kakuma kwa miaka ishirini na sita. Jarida la shule lilipotafuta mtu wa kuandika habari zake, nilinyoosha mkono, jambo ambalo silifanyi hata darasani.

Mzee Manyok alizaliwa karibu na Bor, Sudan Kusini. Kiangazi kilipokausha mabwawa, baba yake, Mzee Kuot, aliwatoa wote nyumbani kwenda kuwinda. Wavulana walitangulia, dada yao Akuch akasoma nyayo, mama akafuata na vibuyu vya maji. Bunduki ilikuwa moja kwa familia nzima. Waliipata kwa kutoa dume jeupe la ng'ombe lililoitwa Mabior, na bunduki ikarithi jina hilo. Kitako chake kilipopasuka, Mzee Kuot alikifunga kwa ukanda wa ngozi ya nyati.

Siku moja nyati aliyejeruhiwa alimgeukia Akuch. Bunduki ilikuwa mikononi mwa Manyok, na ndani yake kulikuwa na risasi moja tu. Anasema hakuogopa, kwa sababu Mabior haikuwahi kumwangusha. Nyati alianguka karibu sana na Akuch hata vumbi likamwingia machoni.

Jioni hiyo Manyok alikula baada ya watu wote, kama ilivyokuwa desturi yao. Aliyebeba bunduki hakuonja nyama mpaka mtoto wa mwisho ashibe, ili asije akafyatua risasi kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya wanyamapori, na hadithi hizi zilinisumbua. Nilipomuuliza kama anatamani kuua nyati tena, alisema anachotamani ni kutembea: baba mbele, mama nyuma, na yeye katikati akijua kila aliyepo.

Vita viliwatawanya. Mzee Kuot, akiwa mgonjwa, alimkabidhi Manyok bunduki na kumwomba airudishe nyumbani siku moja. Lakini mwaka 1992, mpakani karibu na Lokichoggio, kila aliyevuka aliacha silaha. Manyok aliiacha Mabior juu ya bunduki nyingine zilizorundikwa kama kuni. Kabla ya kuiacha, aliufungua ule ukanda wa ngozi akauweka mfukoni.

Ndio ukanda tuliouona miaka yote kwenye mpini wa mwiko wake mkubwa wa ugali. Mwiko huo, kama bunduki, ulisimama wima kila wakati, hakuna aliyeruhusiwa kuuruka, na mzee hakumwelekezea mtu hata akikasirika. Mwanafunzi aliyeruka foleni aliambiwa, "Wewe nyati mpweke, rudi kwa kundi." Foleni nzima ilicheka, na nyati akarudi.

Ule mwaka wa ukame mkali, chakula kilipopungua, walimu waligundua kwamba mpishi alikuwa akishinda kwa ukoko wa sufuria. Walimkaripia kwa upole. Aliitikia vizuri, na kesho yake akala mwisho tena.

Tulipokwenda Lodwar kwa tamasha la muziki, alikuja kutupikia. Askari wa akiba mmoja alikuwa na bunduki ya aina ileile ya Mabior. Mzee aliitazama mpaka askari akacheka, akamwambia, "Shika basi, mzee, haiumi."

Mzee Manyok aliificha mikono nyuma. "Hapana, kijana. Hii mimi sijui yeye, na yeye hajui mimi."

Akageuka, akarudi kwenye sufuria zake.

Akuch alirejea Bor zamani, na kila mara alimpigia kaka yake simu akimwomba arudi. Kila mara mzee alijibu kwamba ni mwakani. Tulidhani anaipenda Kakuma. Kumbe aliogopa kusimama mbele ya dada yake mikono mitupu, bila ile bunduki ya baba. Mwezi Agosti alimwambia ukweli, simu ikiwa juu ya gunia kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Sijui Kidinka, lugha yao, ila niliona mwiko umeacha kukoroga sufuriani. Nilipomuuliza dada amesema nini, alinitafsiria polepole: "Amesema, 'Mwana wa mama, bunduki mimi siulizi. Nauliza wewe unakula na nani.'"

Siku ya kumuaga, mkuu wa shule alitaka mzee apakuliwe kwanza. Alikataa. Alipakua mpaka kwa mtoto wa mwisho wa Kidato cha Kwanza, kisha akaufungua ukanda kwenye mwiko na kuuweka mfukoni, kama alivyofanya mpakani. Mwiko akauacha kwetu. Kesho yake asubuhi alipanda lori la kwenda Lokichoggio, njia ya kurudi Bor.

Mzee Manyok, asante kwa kila sahani. Tunakuombea safari njema, afya, na watu wengi wa kula nao. Ukifika, mpe Akuch ule ukanda. Sisi tutakukumbuka kila kengele ya chakula.

Jumatatu mpishi mpya alikuwa peke yake na foleni ilikuwa ndefu. Niliweka kitabu dirishani, nikanawa mikono, nikaomba mwiko. Niligawa ugali mpaka foleni ikaisha. Halafu nikachukua sahani yangu.

Akuwam, Kidato cha Tatu