Shikamoo ya Mtangazaji

Ndani ya basi letu la Ulemo, kijana mmoja alimwamkia mama aliyekaa naye, na sauti ya shikamoo hiyo ikamfichua. "Marahaba. Si wewe unayetufundisha kilimo kwenye redio ya serikali?" "Ndiye mimi, mama." "Na kwenye lile gari la matangazo, lililonifanya ninunue mbegu hizi za alizeti?" Akapigapiga mfuko mapajani. "Hiyo kazi ya pembeni, mama. Mshahara mdogo." "Mshahara wa kodi zetu! Sauti ni moja, nitajuaje lini unafundisha na lini unauza?"

Kijana akahangaika kufungua dirisha. Mimi, bibi niliyekaa nyuma yao, niliona liko wazi tayari.

"Shamba limeshalimwa, mwanangu. Nipande, nisipande?" "Panda tu, mama." "Anayesema ni redio au duka?"

Basi likasimama. Mama akashuka na mfuko wake, akasimama chini ya dirisha lile, akingoja jibu.