Bampa la Mjomba Linalokataa Rangi

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali sita, ubavuni mwa kibanda cha viatu, na ubao ule haukaliwi na mtu akanyamaza. Wenye nao ni watatu. Kuna Povu, anayeosha magari ng'ambo ya barabara. Kuna Profesa, karani mstaafu anayesoma gazeti la jana na kubishana nalo. Na kuna Kiraka, fundi viatu, mwenye kibanda, ambaye alasiri hiyo ya Ijumaa alikuwa na kiatu cha mtu mapajani na sindano mkononi, lakini hashoni. Anatazama gari jeupe lililoegeshwa mbele yao. Rangi ya bampa la mbele ilikuwa inabanduka, vipande vinaning'inia, na chini yake plastiki nyeusi inachungulia. Mama Kahawa alipofika na birika alimjazia kikombe bila kumuuliza.

— Mara ya ngapi hii kubanduka? akasema.

— Ya tatu.

— Na mjomba wako?

— Anafika leo. Basi lake limeshaingia stendi, kanipigia simu.

Gari lilikuwa la mjomba huyo, mjenzi, aliyekwenda kazi ya mbali akamwachia Kiraka funguo kwa jambo moja tu: kumpeleka mama yake Kiraka, yaani dada yake mjomba, hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Na alisema maneno machache siku ile. Nikikuta mkwaruzo mmoja, funguo zinarudi kwangu. Sasa kuna mkwaruzo, kuna ufa, na kuna makopo matatu ya rangi ya kupuliza yaliyokwisha uani kwa Kiraka. Funguo zikiondoka, mama atafikaje hospitali saa kumi na moja alfajiri? Hilo Kiraka alikuwa nalo kifuani wiki nzima, na lilimchosha kuliko kazi.

— Mimi nakwambia dawa ilikuwa kidogo, akaanza Povu. Nilikupa chupa nzima, wewe umeipaka kwa kubana.

Dawa anayosema ni ile ya kung'arisha matairi. Povu huiamini kwa kila kitu, hata viatu vyake huipaka.

— Nimepaka mara zote tatu kabla ya rangi, Kiraka akasema. Likang'aa mpaka nikajiona sura.

— Umeona. Kwa hiyo tatizo si dawa.

— Sasa hivi umesema ilikuwa kidogo, Mama Kahawa akamwambia.

— Nilikuwa nawaza kwa sauti.

Profesa akashusha gazeti. Lilikuwa na dirisha katikati, maana kipande kilichokatwa ndicho Kiraka alichozibia taa na boneti asije akazipaka rangi.

— Nyinyi hamjui plastiki, akasema. Chuma hakina habari, ukikipaka kinatulia. Plastiki ina kumbukumbu. Inakumbuka kiwandani ilizaliwa nyeusi, basi kila ukiigeuza inarudi kwao.

— Mbona mwanzo ilikuwa nyeupe?

— Ilipakwa ikiwa bado ya moto. Haijapata akili.

— Hapo Profesa kasema, akaitikia Povu. Lakini na nyeupe yenyewe si moja. Kuna nyeupe ya asubuhi na nyeupe ya jioni. Ulipulizia saa ngapi?

— Sikumbuki. Nikitoka hospitali, kabla ya kufungua kibanda.

— Basi ulichanganya. Na jirani yako wa geti la bluu alipita?

— Hupita kila siku, kwake ni pale.

— Alisemaje?

— Alisema, naona unapaka rangi.

Povu akamtazama Profesa, Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni.

— Ndiyo yenyewe, Povu akasema. Mtu anaona unapaka rangi, halafu anakwambia unapaka rangi. Huyo ana lake jambo.

Kiraka hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka sindano imchome. Leo maneno yalimpita masikioni, na macho yalikuwa yanamuwasha kana kwamba kamwagiwa mchanga.

Hapo ndipo mzee mmoja alipokata kona na begi begani, viatu vimejaa saruji. Kiraka alimjua kwa mwendo tu.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba. Hamjambo hapo.

Mzee hakukaa. Alichuchumaa mbele ya gari, akapitisha ukucha kwenye bampa. Kipande cha rangi kikatoka kirefu, kizima. Akanusa kidole.

— Nani kapaka dawa ya matairi hapa?

Povu akaanza kuchunguza mawingu.

— Mimi, mjomba, akasema Kiraka. Na nililigonga mimi.

— Hilo naona. Msasa ulipiga?

— Hapana.

Mzee akamwangalia, akachukua kile kiatu mapajani mwake, akakigeuza.

— Mtu akikuletea soli imeachia, unaanzaje?

— Naikwaruza na msasa. Naifuta mafuta yote, ikauke. Ndiyo natia gundi.

— Usipoikwaruza?

— Gundi haishiki.

— Ikiwa na mafuta?

— Haishiki kabisa, mjomba.

Akajisikia akisema. Miaka ishirini anawaeleza wateja maneno hayohayo, na mara tatu alilipaka bampa mafuta kwa mkono wake kisha akashangaa rangi kukataa. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

— Mtu anayejua hivi hasahau hivi, mzee akasema. Unalala lini?

Kiraka akaanza kuhesabu. Siku za hospitali anaamka saa nane usiku amchemshie mama maji. Siku zisizo za hospitali mama hapati usingizi, na yeye anakaa naye. Mchana ni viatu. Alitafuta pengo katikati asilione. Akawatazama wenzake wamsaidie, lakini wale wenye jibu la kila kitu walikuwa wanaangalia vikombe vyao.

— Dada yangu alikuwemo ulipogonga?

— Alikuwemo. Nilisinzia, mjomba. Pale kwenye nguzo ya mtaani kwetu. Hakuumia, ila alisema usiambiwe.

Mzee akanyoosha mkono. Kiraka akampa funguo. Alijua lazima zitoke, na bado vidole viliziachia kwa shida.

— Nina mwezi mzima nyumbani, mzee akasema. Jumatatu nampeleka mimi. Jumatano mimi. Ijumaa pia mimi. Ungenipigia simu tu, mjomba, si ni dada yangu yule.

— Na bampa?

— Utalipaka ukishalala.

Akaingia garini, akaliondoa polepole, vipande vya rangi vikipepea mbele.

Mama Kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha Povu. Halikutoa kitu. Kiraka akaegemeza kichwa ukutani, na mtu akamtoa sindano mkononi. Akamsikia Profesa akimuuliza Povu, kwa sauti ya chini, kama dawa ya matairi nayo ina kumbukumbu. Jibu hakulisikia.