Mstari wa Watoto katika Maisha ya Elizabeth Mbena

Waombolezaji wenzangu, mimi Innocent Mloka, mjomba wa marehemu na msimamizi wa ukoo wa mama yake, nimepewa kuwasomea maisha ya mpwa wangu, nami nawaomba utulivu, hasa katika mstari wa watoto, kwa kuwa ukoo umekaa tangu alfajiri bila kuafikiana, na sote tunaijua desturi, kwamba mgane asiye na mtoto katika ardhi ya ukoo wa mkewe, matanga yakiisha, hufunga mizigo akarudi kwao.

Elizabeth alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Matombo, binti pekee wa dada yangu, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1995, sekondari mjini Morogoro hadi 1999, kisha chuo cha ualimu, na tangu Januari 2004 alifundisha darasa la kwanza huko Mafiga.

Tarehe 2 Agosti 2008 alifunga ndoa na Erick Lukuwi, fundi wa maabara chuoni Mazimbu, wakapanga Mafiga na kujenga hapa, katika shamba la mdalasini tulilomgawia Elizabeth, na kati ya 2012 na 2014 walikwenda Dar es Salaam mara tatu kupandikizwa mimba, mara mbili haikushika, ya tatu ilishika, ikatoka ikiwa na miezi mitano, tarehe 9 Juni 2014.

Tuliwapa pole wiki moja, tukadhani yamekwisha, kumbe kwa miaka saba Erick alikuwa akitoka nyumbani kabla mkewe hajaamka, Elizabeth akikwepa kila ubatizo, wala hapakuwa na neno kati yao juu ya msiba ule, na mimi, badala ya kuwajulia hali, mwaka 2017 nilimwita Elizabeth nikamwambia kwamba mwanamke ndiye mlango wa ukoo, amwache huyo, ajaribu bahati kwingine. Alinipa shikamoo yangu, akasema, “Mjomba, mimi nina mtoto, hujaniuliza anaitwa nani,” akaondoka, asikanyage kwangu miaka minne.

Pasaka ya 2021 Erick alinifuata, akanishika mkono hadi chini ya mdalasini wa tatu, Elizabeth akiwa amepiga magoti anapalilia, wakaniambia wote wawili kwamba hapo walimlaza Veneranda, binti yao, na kwamba sasa humtaja kila wajapo, siku nyingine wakigombana, siku nyingine wakicheka.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2023, Erick akampeleka kusafishwa damu mara tatu kila wiki, hadi alipofariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 43.

Leo alfajiri kaka yangu ameuliza, “Mimba iliyotoka nayo tuihesabu? Basi na ndoto tuzihesabu!” na karatasi niliyokabidhiwa inasema hakujaliwa mtoto, nami nimeikunja, nasoma hivi: marehemu ameacha mume, Erick, na alipata mtoto mmoja, Veneranda, aliyemtangulia, aliyelala katika ardhi ya ukoo wa mama yake, na baba hafukuzwi penye kaburi la mwanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mafiga, walimu wenzake na wafanyakazi wenzake Erick wa Mazimbu.

Mpwa wangu, nilichelewa kuliuliza jina, leo nimelisoma mbele ya ukoo wote, pumzika kwa amani.