Wasifu wa Mzee Vizibo, Karani wa Ghala la Mbolea

Marehemu, ambaye kisiwa kizima kilimwita Mzee Vizibo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 katika nyumba ya mteremkoni juu ya bandari. Siku hiyohiyo, katika nyumba ya bondeni, alizaliwa jirani yake. Jirani alimtangulia kwa nusu saa, na marehemu hakuwahi kumsamehe.

Alisoma shule ya msingi ya kisiwani hadi darasa la saba, akamaliza akiwa wa pili. Wa kwanza mnamjua.

Zamani hizo mashamba yalilishwa samadi, mwani na kinyesi cha ndege kilichokwanguliwa miambani. Mwaka 1966 meli ilileta mbolea ya chumvichumvi, na marehemu akaajiriwa karani wa ghala la ushirika. Bwana shamba alifundisha: kila shimo, kizibo kimoja cha soda. Marehemu alichungulia bondeni, akaona jirani anatia kimoja, naye akatia viwili. Mahindi yake yakaungua, ya jirani yakanenepa. Mwaka uliofuata akatia vitatu. Duniani alitaka kitu kimoja tu: jirani naye amwonee wivu, japo mara moja.

Mwaka 1970 alimwoa mama yetu, ambaye jirani pia alikuwa amempelekea posa. Ushindi huo aliutangaza kama taarifa ya habari, lakini mezani macho yalikuwa dirishani.

"Baba nanihii, umenioa mimi au umelioa lile shamba la chini?"

"Kula, mke wangu. Natazama mawingu."

Miaka ikapita, ardhi ya kisiwa ikachoka, bei ya mbolea ikapaa, ila bondeni kulizidi kustawi. Mwaka 1991 alikuja bibi shamba mpya, akasimama mvuani, akatazama maji yanavyoteremka.

"Mzee, mbolea yako haikai. Mvua inaishusha yote kwa jirani. Miaka yote hii umemlimia yeye."

Marehemu alikaa chini, palepale kwenye tope. Aliponyanyuka alishika jembe, akachimba matuta ya kukinga maji kutoka mpaka hadi mpaka, akaachana na vizibo, akaanza kuoza majani na samadi kuwa mboji. Udongo haukurupushwi, ulipona taratibu. Mahindi ya juu yakapata rangi, ya bondeni yakapauka.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwezi huu akalazwa. Jirani alikwenda kumjulia hali, akainama kitandani.

"Ndugu yangu, unatia nini shambani? Nakuonea wivu hadi chakula hakipiti."

"Rudia."

"Chakula hakipiti."

"Kabla ya hapo."

Jirani akarudia. Muuguzi alipopima presha aliikuta imetulia, akaisifu dawa. Marehemu alifariki siku ya tatu, tarehe 9 Juni, akitabasamu kwa namna ambayo mama anasema si ya kiungwana.

Siri hakuitoa. Aliagiza isomwe leo, jirani akiwa ameshakaa. Baba mkubwa wa bondeni, pole sana. Mama, msogezee maji.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na jirani mmoja.

Mola amlaze pema, na shamba atakalompa huko lisiwe na dirisha la kuchungulia la mwenzake.